Nani Hulipwa Kubisha Hodi?

Muuguzi wa afya ya akili amesimama mlangoni kwa mara ya nne mwezi huu. Mara ya kwanza alibisha hodi hadi akachoka, kimya. Mara ya pili mama mwenye nyumba alichungulia dirishani akasema mwanawe amelala. Mara ya tatu kijana mwenyewe aliitikia kutoka ndani, "Sihitaji mtu," na muuguzi akamjibu, "Sawa, kaka. Nitapita tena wiki ijayo," akageuza njia. Leo mlango umefunguka kiasi cha kupitisha mkono. Wamezungumza kama dakika kumi hivi, juu ya usingizi unaokatika usiku wa manane na jirani anayedhaniwa kusikiliza kupitia ukutani. Dawa haikutajwa. Hospitali haikutajwa.

Jioni anafungua rejista. Safari tatu za mwanzo aliziandika "hakupatikana". Ya leo hajui aiweke wapi, maana rejista ina safu ya waliopimwa, waliochomwa sindano, waliopewa dawa na waliopewa rufaa, basi. Safu ya mlango uliofunguka kidogo haipo. Ripoti ya mwezi itakapomfikia anayegawa fedha, safari nne zitasomeka sifuri. Mwenzake aliyeshinda kituoni akihudumia watu kumi na watano waliokuja kwa miguu yao atasomeka kumi na tano.

Makala hii inaifuata sifuri hiyo hadi inakotoka. Huduma za afya ya akili katika jamii, zile zinazolipiwa na serikali, huelezwa kwa kawaida kama suala la huruma, au la utaalamu, au la majengo. Mimi naona mkanganyiko wake mkubwa uko kwenye malipo. Karibu kila nchi imekwisha kubali kwenye karatasi kwamba mgonjwa wa akili atibiwe karibu na nyumbani kwake. Nchi chache zimejibu swali linalofuata, yaani ni nani atalipwa kumfuata huko, na kwa kipimo gani.

Deni la aliyepo na deni la asiyekuja

Watu wakisikia "huduma katika jamii" hupata picha ya hospitali ndogo iliyosogezwa mtaani. Picha hiyo inapotosha. Tofauti kubwa iko kwenye deni. Hospitali inadaiwa na aliyelala wodini. Huduma ya jamii hupewa eneo lenye mipaka na idadi ya watu, na inadaiwa na kila mkazi wa humo, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga kituoni. Ndiyo maana ndani yake kuna kliniki ya kawaida, lakini pia kuna timu inayokwenda nyumbani, simu ya dharura inayopokewa usiku, makazi ya muda kwa anayetoka wodini, afisa ustawi wa jamii anayezungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi iliyochelewa, na mtu aliyewahi kuugua mwenyewe ambaye sasa anawashika mkono wengine.

Kwa magonjwa mengi deni hilo la pili halisumbui sana. Mwenye jino bovu atakuja, tena atakuja akikimbia. Kwa ugonjwa wa akili, kutokuja ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine mara nyingi haamini kwamba anaumwa. Kwa hesabu yake wanaoumwa ni wale wanaomwambia aende hospitali. Mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, anaweza kujua fika kwamba anahitaji msaada, na bado kuvaa viatu kukamshinda. Juu ya hayo kuna aibu ya kuonekana kwenye foleni ya kliniki ile ambayo kila mtu anajua ni ya nini. Ukikaa mezani ukasubiri, utawaona wenye nafuu kuliko wote, na utaamini kwamba eneo lako lina hali nzuri.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, mtu mmoja kati ya kila wanane. Shirika hilohilo limekuwa likiripoti kwa miaka kwamba serikali, kwa wastani, hutenga takribani asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya afya ya akili, na kwamba sehemu kubwa ya hizo chache, kama theluthi mbili, humezwa na hospitali zinazojitegemea za wagonjwa wa akili. Kinachobaki ndicho kinacholipia zahanati, simu, nauli na hodi zote.

Milango ilifunguliwa, fedha zikabaki ndani

Hospitali kubwa za magonjwa ya akili zilijengwa katika karne ya 19, mara nyingi nje ya miji, zikiwa na mashamba yao, karakana zao na makaburi yao. Nyingi zilianza kwa nia njema na kuishia kuwa maghala ya watu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walianza kutumia dawa ya klopromazini kwa wagonjwa wa saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, na kwa mara ya kwanza watu waliodhaniwa wangefia wodini walionekana wanaweza kurudi nyumbani. Dawa haikuwa sababu pekee. Kulikuwa na kashfa za mateso, kulikuwa na wanaharakati, na kulikuwa na wizara za fedha zilizochoka kulipia mapaa yanayovuja.

Afrika haikungoja kufundishwa. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa wake vyumba katika vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Mchana walitibiwa, jioni walirudi kijijini kuishi na watu. Wanavijiji walipata kodi, hospitali ikaokoa gharama za vitanda. Nautaja mfano huu kwa sababu ya hiyo kodi: Lambo alijua kwamba jamii inayobeba mzigo inapaswa kuona kitu mkononi.

Mfano unaosimuliwa zaidi, hata hivyo, ni wa Marekani, na ni wa kusikitisha. Mwaka 1955 hospitali za umma za magonjwa ya akili nchini humo zilikuwa na wagonjwa takribani 559,000. Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii nchi nzima. Wiki tatu baadaye aliuawa. Vituo vilivyokusudiwa vilikuwa 1,500. Vilivyopata fedha ni kama nusu ya hivyo. Kosa lilikuwa ndani ya sheria yenyewe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ilitoa fedha za matofali. Fedha za mishahara zilikuja mwaka 1965, nazo zilipangwa kupungua hatua kwa hatua, kwa matumaini kwamba majimbo na bima vitashika nafasi. Havikushika.

Mwaka huohuo wa 1965 ukaja mpango wa Medicaid, bima ya umma kwa maskini. Serikali kuu ilikubali kuchangia matibabu ya aina nyingi, ila si ya mtu mzima wa chini ya miaka 65 aliyelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Majimbo, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakizilipia hospitali hizo, yalipiga hesabu haraka. Mgonjwa akihamishiwa kwenye nyumba ya kulea wazee, sehemu ya gharama inalipwa na Washington. Maelfu wakahamishwa. Katika takwimu walihesabiwa kuwa wametoka hospitalini, na ni kweli walitoka, wakaingia katika jengo jingine lenye jina jingine. Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kurekebisha mambo mwaka 1980. Mwaka uliofuata, chini ya Ronald Reagan, sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa na fedha zikageuzwa fungu moja pungufu lililoachiwa majimbo yaamue.

Wengi husema kosa lilikuwa kuwafungulia wagonjwa. Sikubaliani. Wagonjwa walifunguliwa, ila fedha zao hazikufunguliwa pamoja nao.

Kwa nini fedha haziwafuati? Hapa ndipo hesabu inapowachanganya hata watu makini, kwa hiyo tuipige polepole. Chukua hospitali ya vitanda 400. Ukiwaruhusu wagonjwa 20 warudi nyumbani, unaokoa chakula chao na dawa zao. Mlinzi wa getini ni yuleyule. Paa ni lilelile. Daktari wa zamu na muuguzi wa usiku wanabaki, kwa sababu wodi bado ina watu. Akiba ya kweli inapatikana siku wodi nzima inapofungwa na watumishi wake kuhamishiwa mtaani. Lakini wale 20 wanahitaji timu kuanzia usiku wa kwanza wakiwa nje, wala hawawezi kusubiri wodi ifungwe. Basi kuna kipindi, tena cha miaka, ambacho serikali lazima ilipie pande mbili kwa wakati mmoja. Hakuna waziri anayefurahia kupeleka bajeti kama hiyo bungeni. Njia rahisi ni kufunga kwanza na kujenga baadaye, na hiyo "baadaye" huwa haina tarehe.

Anayetaka kuona njia hiyo rahisi inafikia wapi aangalie Gauteng, Afrika Kusini. Idara ya afya ya jimbo ilivunja mkataba wake na hospitali za Life Esidimeni, na mwaka 2016 wagonjwa wapatao 1,700 wakahamishwa, wengi wakipelekwa kwenye mashirika madogo ambayo hayakuwa na leseni halali, wataalamu wala chakula cha kutosha. Lugha iliyotumika ilikuwa ya kisasa kabisa, ya kuwarudisha wagonjwa katika jamii, na sababu iliyotolewa pamoja nayo ilikuwa kubana matumizi. Watu 144 walikufa. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesimamia usuluhishi, alizisikiliza familia zilizokuwa zikizunguka kutoka nyumba hadi nyumba zikiulizia ndugu zao walipelekwa wapi.

Upande wa pili kuna Trieste, Italia. Daktari Franco Basaglia alikabidhiwa hospitali ya San Giovanni mwaka 1971, ikiwa na wagonjwa takribani 1,200. Wagonjwa na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa rangi ya buluu, Marco Cavallo, kwa kumbukumbu ya farasi aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo chafu hospitalini. Mwaka 1973, walipotaka kumtoa nje waandamane naye mjini, farasi hakuenea mlangoni, ikabidi mlango uvunjwe. Picha hiyo imezunguka dunia, na inastahili. Jambo lisilopigwa picha ni kwamba Basaglia hakuachia bajeti ya hospitali irudi hazina. Wauguzi walewale na fedha zilezile vilihamishiwa katika vituo vya mitaani, vilivyokuja kuwa wazi saa 24, kila kimoja kikiwa na vitanda vichache vya kulala mtu aliyelemewa. Tarehe 13 Mei 1978 bunge la Italia lilipitisha Sheria namba 180 iliyozuia kuwalaza wagonjwa wapya katika hospitali za aina ile. Mikoa iliyohamisha fedha na watumishi ilifanikiwa. Mingine ilitekeleza sheria kwa kufunga milango tu, na familia zikabaki na mzigo. Sheria ni moja, na matokeo yalifuata bajeti.

Kila namna ya kulipa ina mgonjwa inayempenda

Tuseme sasa fedha zimefika mtaani. Zinamlipa nani, na kwa lipi? Wananchi hawaoni sehemu hii, na hata waandishi wa habari huiruka kwa sababu inanuka uhasibu. Lakini ndiyo inayoamua kama muuguzi wetu atarudi mlangoni mara ya tano.

Namna ya kwanza ni fungu la mwaka. Kituo kinapewa kiasi fulani mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kwa kawaida kile cha mwaka jana pamoja na nyongeza kidogo, halafu kinajipangia. Kuna uhuru wa kweli hapa, maana hakuna anayehoji ulitumia dakika ngapi kwa nani. Ubaya unaonekana katikati ya mwaka fedha zinapopungua. Mishahara haiguswi, ni ya mkataba. Dawa haziguswi, wagonjwa watalalamika. Umeme haukatwi. Kinachokatwa ni mafuta ya gari na nauli za watumishi. Timu ya kwenda nyumbani haifutwi rasmi. Inaendelea kuwepo kwenye chati ya ukutani, wahusika wakiwa wamekaa ofisini. Nimesoma ripoti nyingi za mipango ya namna hii, na karibu kila moja ina ile sentensi ya unyonge: ziara za nyumbani hazikufanyika kama ilivyopangwa kutokana na changamoto za usafiri.

Namna ya pili ni kulipwa kwa kila huduma. Umemwona mgonjwa, unatuma dai, unalipwa. Inaongeza bidii, hilo halina ubishi. Ila inalipa kukutana ana kwa ana, na kazi nyingi ya jamii ni kutokukutana. Saa moja ya kwenda, robo saa ya kusubiri, saa ya kurudi, hakuna kitu. Simu ya nusu saa kwa mwenye nyumba ili asimtoe mpangaji nje, hakuna kitu. Chini ya mfumo huu meneja mwenye akili timamu atajaza kliniki yake na watu wenye wasiwasi wa wastani wanaofika kwa wakati, na hutamwita mbaya, kwa sababu ndiko mishahara inakotoka. Aliyelala chini ya daraja anageuka hasara.

Ya tatu ni kulipwa kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa kila mkazi au kila aliyeandikishwa, awe amekuja au hajaja. Hii inaonekana kutengenezwa kwa ajili ya deni lile la asiyekuja. Ukimkuta mapema hatalazwa, na akiba inabaki kwako. Shida ni kwamba mgonjwa wa bei rahisi kuliko wote ni yule asiyeonekana kabisa. Pasipo mtu wa kukagua, kituo kinaweza kupokea fedha za watu elfu kumi na kuwatembelea hamsini, na vitabu vikawa safi.

Kuna jaribio la kuchanganya, na nalipenda kwa jinsi lilivyo la kawaida. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2014 ilianzisha aina ya kliniki za afya ya akili zenye masharti maalumu, na mwaka 2017 majimbo manane yakaanza kuzijaribu. Kliniki inatakiwa kuwa na timu ya dharura inayotoka saa 24 na kumhudumia mtu hata kama hana cha kulipa. Malipo yake hupatikana hivi: gharama zote za mwaka zinajumlishwa, zikiwemo za kutafuta watu, za gari na za simu, halafu zinagawanywa kwa siku ambazo wagonjwa walihudumiwa, au kwa miezi. Jawabu ndilo bei ya siku moja, au ya mwezi mmoja. Bado analipwa anayekutana na mgonjwa, lakini ndani ya bei hiyo mna hodi ambazo hazikuitikiwa. Safari tatu tupu zimekwisha hesabiwa kabla hazijafanyika.

Anatoka vipi huyo anayetoka

"Kuwafikia watu" ni maneno mapana mno, na chini yake kuna kazi zisizofanana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Madison, Wisconsin, Leonard Stein na Mary Ann Test waligundua kwamba wagonjwa waliofundishwa wodini kupika na kupanda basi walisahau yote walipofika nyumbani kwao. Wakaona heri wafundishie hukohuko. Wahudumu wa wodi wakahamia mjini pamoja na wagonjwa. Kutokana na hapo ukazaliwa utaratibu wa timu moja yenye daktari, wauguzi na afisa ustawi, ambamo mhudumu mmoja huwa na wagonjwa kama kumi tu, na timu nzima inamjua kila mgonjwa. Ni ghali. Inafaa kwa wachache wenye skizofrenia au magonjwa mazito ya namna hiyo, wale wanaoingia na kutoka wodini kila mara, na utafiti waliochapisha mwaka 1980 ulionyesha kwamba kulazwa kulipungua sana.

Lakini utaratibu huo ulipohamishiwa London na kupimwa, matokeo ya mwaka 2006 yaliwashangaza wengi. Vitanda vya hospitali vilitumika sawasawa kwa pande zote mbili, ya timu hizo na ya huduma za kawaida. Sababu inayotajwa ni kwamba huduma za kawaida za jamii za huko tayari zilikuwa na wauguzi wanaokwenda nyumbani. Kilichoongezeka ni kitu kingine: wagonjwa walibaki wakiwasiliana na timu, na waliridhika nayo zaidi. Kama uliinunua timu ili kupunguza vitanda, umepata hasara. Kama uliinunua ili watu wasipotee, umepata ulichonunua. Ni vizuri kuamua kabla ya kulipa.

Brazil, iliyopitisha sheria yake ya mageuzi mwaka 2001, ina vituo vya kisaikolojia na kijamii vya wilaya na pia timu za mitaani zinazowafuata wasio na makazi mahali wanapolala. Tangu mwaka 2003 inamlipa pia mtu aliyekaa hospitalini miaka mingi posho ya kila mwezi anaporudi kuishi uraiani. Posho hiyo hupita midomoni mwa watu kama jambo dogo. Mtu anayerudi nyumbani na kitu mfukoni hapokelewi kama anayerudi na mfuko wa dawa peke yake.

Zimbabwe ilikwenda njia nyingine, na hapa inabidi tukae kidogo. Daktari Dixon Chibanda amesimulia hadharani jinsi mgonjwa wake kijana alivyojiua baada ya familia kukosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Nauli. Mwaka 2006, katika eneo la Mbare, Harare, aliomba watumishi akapewa bibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa jamii waliokuwa tayari wakifanya kazi na kliniki za jiji, na kwa kuwa vyumba havikuwepo wakakaa nje kwenye benchi. Anayekaa nao huulizwa maswali kumi na manne yaliyotungwa kwa Kishona, lugha ambayo ina neno lake kwa hali hii, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Hayaulizwi majina ya magonjwa. Halafu wanachagua tatizo moja, moja tu, na kulitafutia hatua ya kwanza, kwa vikao vipatavyo sita. Utafiti uliohusisha watu 573 katika kliniki 24 ulichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tukiwa wakweli, benchi liko uani kwa kliniki. Linamsogelea mtu nusu ya njia. Nusu nyingine lazima aitembee mwenyewe. Halimtoshi kijana wa nyuma ya mlango wetu, wala halikudai kumtosha. Uzuri wake kihasibu ni kwamba liliketishwa juu ya ajira iliyokwisha kuwepo. Miradi mingi ya kuwafikia watu hufanya kinyume: inakuja na wafadhili, fulana na pikipiki kwa miaka mitatu, mhudumu anazoeleka mitaani, halafu mkataba unaisha. Mwenye saikosisi aliyechukua mwaka mzima kumwamini mtu mmoja anagundua kwamba mtu huyo haji tena. Atakayemfuata baadaye hataanzia sifuri, ataanzia chini yake. Hata huduma yenye sifa haiko salama. Katika mji wa Eugene, Oregon, gari la watu wawili wasio polisi, mhudumu wa tiba na mtaalamu wa misukosuko, lilikuwa likiitikia simu za dharura tangu 1989 na kunakiliwa na miji mingine. Mwaka 2025 lilisimama mjini humo kwa kukosa fedha.

Hodi na uvamizi

Kuna jambo moja wanaopigia debe huduma hizi, nami nikiwemo, hulipitia juujuu. Si kila mtu anataka kufuatwa. Gari lenye nembo ya afya ya akili likiegeshwa mbele ya nyumba, mtaa mzima umejua. Timu zenye uzoefu huegesha mbali, huja bila sare, na huuliza mapema kama ni afadhali kukutana kwingine. Tena kuna watu ambao mara ya mwisho "wahudumu" kufika kwao walikuja na kamba.

Baadhi ya nchi zimejaribu kutatua kutokuja kwa amri: mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini kwa sharti la kufuata matibabu, akikiuka anarudishwa. England na Wales zilianza mwaka 2008. Utafiti wa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 333 wa saikosisi, nusu wakiwa chini ya amri hizo na nusu bila. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 36 ya kila upande walilazwa tena. Amri haikuongeza kitu. Na amri ni rahisi kununua kuliko muuguzi wa kurudi mara nne, jambo ambalo pengine linaeleza kwa nini zimeendelea kutumika.

Muuguzi alipoambiwa "Sihitaji mtu" akasema sawa na kuondoka, alikuwa akifanya kazi, tena ile ngumu. Angelazimisha siku ile, leo mlango usingefunguka hata upenyo. Ustadi huo una masharti yake ya kifedha: mtu yuleyule arudi, awe na wagonjwa wachache kiasi cha kumkumbuka jirani wa ukutani, na awe na msimamizi wa kumweleza siku anapotoka kwenye nyumba iliyomtisha. Mwenye orodha ya watu 200 hawezi kusema "nitapita wiki ijayo" bila kudanganya.

Wiki iliyofuata alikwenda tena. Kijana alitoka nje, wakakaa kizingitini, na kabla ya kuagana akauliza kama ile sindano ya mwezi ndiyo iliyokuwa ikimfanya mikono itetemeke. Muuguzi akamweleza dozi inaweza kupunguzwa, akaahidi kumuuliza daktari. Ofisini alichora kwa kalamu mstari mpya pembeni mwa ukurasa wa rejista, akaandika tarehe tano, na mbele ya ile ya nne: mlango, dakika kumi. Mwisho wa mwezi karani alinakili takwimu kwenye fomu ya kutuma juu. Fomu ina visanduku vinne. Pembeni hakuna nafasi.